Mawe Niliyoyazika Shambani kwa Mzee Kunda

Mimi ndiye niliyezika yale mawe. Juma lililopita niliishia hapo, kalamu ikanishinda, nikafunga daftari. Leo nitasema yaliyofuata.

Kwa yule ambaye hakusoma, nifupishe. Mimi ni Mama Gauthier, nakaa Kasungami, shule yangu iliishia darasa la sita. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa mgodi. Mwanangu Gauthier ni fundi wa umeme, ana miaka thelathini na moja, na ana ile mashini ya kupitisha juu ya udongo, inayolia ikikuta chuma.

Yeye na rafiki zake wana mchezo wa Jumamosi. Mmoja anaficha vitu vidogo shambani, wengine wanapita na mashini zao wakitafuta. Sarafu za zamani zenye tundu katikati, vifungo vya koti la askari, medali za Bikira Maria. Anayeokota anachukua, na Jumamosi inayofuata ni zamu yake kuficha. Mimi nilikuwa namshukuru Mungu. Watoto wa wenzangu wanakunywa pombe ya lutuku, wa kwangu anaokota vifungo.

Zamu ya Gauthier ilipofika, malaria ikamlaza. Nikasema nitaficha mimi. Rafiki yake Donat, yule kinyozi asiyejua kufunga mdomo, akacheka.

"Mama Gauthier, weye utatufichia nini? Bifuniko bya masufuria?"

Nikakasirika. Katika nyumba ya mtu wa mgodi, mawe ni kama viti, yapo tu. Moja linazuia mlango, lingine linakaa juu ya kifuniko cha pipa la maji. Ya kwetu ni ya kijani, yenye shaba nyekundu ndani, mume wangu aliyaleta moja moja. Nikachukua matatu, nikayazika katika shamba la Mzee Kunda, pale wanapochezea kwa ruhusa yake. Mawe mabichi, bila alama yoyote ya mkono wa mtu. Sikuwaza kwamba atakayeyatoa chini ataamini yamezaliwa palepale.

Donat ndiye aliyeyatoa. Jumapili alipeleka moja kwenye nganda, baa ya mtaani, akaliweka mezani katikati ya chupa, akajisifu. Jumatatu asubuhi wakaja ba creuseur, wale vijana wanaochimba madini kwa mikono. Walikuwa tisa.

Ningesema siku ile, watu tisa wangenicheka na kurudi kwao.

Nilinyamaza. Jumatano walikuwa mia tatu.

Alhamisi, jua likiwa juu ya kichwa, Mzee Kunda aliangukia mlango wangu. Hakupiga hodi, aliangukia. Shati lilikuwa limeshikana na mgongo kwa damu, na sikio la kushoto lilining'inia kwa kipande cha ngozi.

"Mama Gauthier, unipe maji."

"Papa Kunda! Nani anakufanya vile?"

"Nililala mbele ya mihogo yangu. Nikabaambia, kama munataka kuchimba, mupite juu yangu." Akanywa, akakohoa. "Banapita."

Nilimfunga sikio na kitambaa. Vidole vyangu vilijaa damu yake.

"Pole, Papa Kunda. Pole sana."

"Pole ya nini, mama? Haina weye ulibaita."

 Nilikamua kitambaa kingine, maji ya beseni yakawa mekundu.

"Sikukuya juu ya sikio," akasema. "Banakamata Gauthier. Banamutia mu shimo."

"Juu ya nini? Gauthier anafanya nini?"

"Banatafuta Donat. Banasema Donat njo anajua fasi majibwe inaendelea chini, na ametoroka tangu juzi. Banasema Gauthier anajua fasi anajificha. Banamuuliza. Akikatala..." Mzee akatazama mikono yake mwenyewe, akaiweka chini. "Enda, mama. Enda mbio."

Katika chumba cha ndani alikuwemo binti yangu Nono na kichanga chake cha siku tano. Kitovu kilikuwa hakijaanguka, na kwetu mzazi hatoki nje kabla hakijaanguka.

"Mama, unaenda wapi?"

"Funga mulango nyuma yangu. Usifungulie muntu. Ata padri, usimufungulie."

Nilikusanya mawe yaliyobaki, manne, nikayatia katika beseni, nikayafunika na kikwembe, kitenge cha kujifunga. Nilijiambia: watayaona, wataelewa, watacheka, watamwachia. Mama unayesoma, ujue hivyo ndivyo nilivyowaza. Niliamini kwamba ukweli ukichelewa siku nne bado ni ukweli uleule.

Shamba halikuwa shamba tena. Mihogo ilikuwa imelala na mizizi juu. Mashimo kila hatua kumi, mabache, maturubai ya plastiki, wanawake wamekwisha kuweka meza za maandazi. Nilipita kati ya vikundi viwili vinavyogombania mpaka wa shimo. Mmoja alimpiga mwenzake mdomoni kwa patasi ya chuma, nikasikia meno. Aliyepigwa akakaa chini, akawa anaokota kitu kwenye udongo, na hakuna aliyegeuka. Muuza maandazi akavuta meza yake pembeni tu.

Shimo lenye kelele lilikuwa la Chance. Kila shimo lina mkubwa wake, wanamwita PDG. Huyu Chance alikuwa kijana wa kofia ya taa na buti za mpira, mdogo kuliko Nono wangu. Mashini ya Gauthier ilikuwa begani mwake kama bunduki.

"Yambo, mama," akasema kwa heshima.

"Yambo, mwanangu. Nakuya kulomba mutoto wangu."

"Iko mu bureau." Akanionyesha shimo kwa kidevu, ndiyo ofisi yenyewe. Wenzake wakacheka mpaka wengine wakashika matumbo.

Niliinama. Shimo lilikuwa na kina cha watu watatu. Chini kabisa niliona kichwa cha mwanangu, nywele nyeupe kwa vumbi, na mkono wa kulia ameukumbatia kifuani kama mtu anayebeba kuku.

"Gauthier!"

"Mama, rudia ku nyumba."

"Banakufanya nini?"

"Hakuna kintu. Rudia, nakulomba."

"Bidole bitatu tu, mama," Chance akasema. "Tunamuuliza Donat iko wapi, anasema hajue. Tunamuuliza tena. Mukono iko na bidole bitano, haina? Lakini sasa shiye tunachoka na bidole."

Akaonyesha nyuma yake. Wawili walikuwa wanaviringisha mpira wa gari, wa tatu ana kibidoni cha petroli. Watu wa mgodi tunajua kazi ile. Wakitaka kulegeza mwamba mgumu wanateremsha mpira unaowaka shimoni, wanafunika, wanangoja. Mwamba unapasuka. Kama kuna panya mle ndani, wanamtoa akiwa mweusi.

Niliweka beseni chini. Nikaondoa kikwembe juu ya mawe.

"Munisikie!" Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Hapa hakuna madini. Ni miye njo nilizika ile majibwe. Ilikuwa muchezo!"

"Mama, nyamaza!" Gauthier alipiga kelele kutoka chini. "Usiseme! Nyamaza!"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba alijua. Tangu siku alipoinuka na homa yake, akakuta mlango wetu unajipigapiga kwa upepo kwa sababu jiwe lake halipo. Alijua, na vidole vitatu vilivunjwa, na hakusema jina la mama yake.

Nilieleza kila kitu. Mume wangu, mgodi, mchezo wa Jumamosi, maneno ya Donat juu ya vifuniko vya sufuria. Nilisema kama mtu anayetapika. Nilipoinua macho, Mzee Kunda alikuwa amesimama nyuma ya wale vijana, kitambaa changu kwenye sikio. Alinifuata polepole, na alisikia yote.

Alikuja karibu. Akanitemea mate usoni.

Nilingoja vijana wacheke.

Chance alichuchumaa mbele ya beseni. Akachukua jiwe moja, akalilamba, akaligeuza juani. Akatoa mfukoni lile la Donat, akayaweka pamoja juu ya kiganja. Kijani kilekile, shaba ileile, hata mistari ileile.

"Ni sawa sawa," akasema mmoja.

"Ni sawa," Chance akajibu. Akasimama. "Mama, weye unasema hii inatoka ku nyumba yako?"

"Ndiyo, mwanangu. Munaona sasa? Yote inatoka ku nyumba yangu."

Aliwageukia wenzake, na meno yake yakaonekana yote.

"Munasikia? Shiye tunajiua hapa siku ine, kumbe filon, ile mushipa ya madini, iko inapita chini ya kitanda ya mama! Wanachimba mu nyumba, usiku, taratibu. Halafu wanatuma Donat kutupoteza huku mu mihogo!"

"Hapana! Haina vile!"

"Beseni muzima! Mama anatuletea beseni muzima!"

Watu walianza kukusanyika kutoka mashimo mengine. Neno lilikimbia kuliko miguu: kwa mama, kwa mama, chini ya nyumba. Nilimshika Chance mkono, nikamwapia kwa kaburi la mume wangu. Akanipiga kofi. Si kofi la hasira, ni kofi la kumnyamazisha mtoto kanisani. Nikaanguka juu ya mawe, paji la uso likapasuka.

"Mama!" Gauthier alilia chini. "Mama, banakufanya nini? Chance, mushenzi weye, umuache mama yangu!"

"Unasikia?" Chance akaniambia. "Iko na nguvu bado. Washa."

Wakawasha mpira. Moshi mweusi ukapanda wima, hakukuwa na upepo. Wakaufunga waya, wakauinua kwa miti miwili hadi mdomo wa shimo. Matone ya moto yakaanza kudondoka ndani. Nikamsikia mwanangu anapiga kelele ambayo sijaisikia tangu alipong'oka jino la kwanza.

"Useme sasa, mama. Tuchimbe fasi gani ku nyumba yako? Chumba gani?"

Ningewaambia: chumba chochote, vunjeni yote. Lakini ndani ya nyumba ile Nono alikuwa kitandani na kichanga, mlango umefungwa kwa amri yangu. Watu mia tatu na mapioche, sururu zile za mgodini. Nilimwona yule mtoto na kitovu chake.

Huku mwanangu anaungua. Kule binti yangu.

Basi mdomo wangu ukafanya kazi yake wenyewe.

"Haina kwangu!" nikalia. "Nilidanganya! Miye niliokota tu. Majibwe inatoka kwa Wivine!"

"Wivine ni nani?"

"Mushonaji wa nguo. Parcelle, kiwanja ya tatu toka kwangu, mulango ya bluu. Chini ya kitanda yake. Njo kule inatoka!"

Niwaambie kwa nini nilimtaja yeye. Wivine si adui yangu, ndiye aliyenishonea nguo ya msiba wa mume wangu. Nilimtaja kwa sababu Jumanne alipanda gari kwenda Sakania kununua vitambaa, na harudi kabla ya Jumamosi. Hana mume, hana mtoto. Nyumba ilikuwa tupu. Nilijiambia, sakafu ni sakafu, itatiwa simenti tena, nitamlipia hata kwa kuuza kitanda changu. Nilijiona nina akili. Ndani ya moshi ule, na damu machoni, nilijiona mama mwenye akili.

Chance aliwainulia mkono wale wa mpira.

"Mutupe ile pneu kule," akasema. Wakautupa mpira kwenye mihogo, ukaendelea kuwaka peke yake. "Mumutoshe mutoto wa mama mu shimo. Lakini kama ni bongo, kama unatudanganya, mama, tutarudia. Na haitakuwa bidole."

Wakaondoka. Mia, mia mbili, mapioche mabegani, wanakimbia kama watu wanaokwenda mpirani. Wanawake wa maandazi wakabeba meza zao kichwani wakawafuata.

Hakuna aliyemtoa Gauthier. Waliacha kamba tu.

Nilijifunga ile kamba kiunoni, nikamrushia mwisho wake, akaupitisha chini ya makwapa kwa mkono mmoja. Nikavuta. Niliteleza, magoti yakachubuka. Nikavuta tena, haikwenda. Kisha nikasikia kamba inakuwa nyepesi. Mzee Kunda alikuwa amekamata nyuma yangu, anavuta huku ameuma meno, damu ya sikio inamdondokea begani. Hakuniangalia. Tulivuta pamoja mpaka kichwa cha mwanangu kikatoka.

Alikuwa na malengelenge shingoni na nywele zimeungua upande mmoja. Vidole vitatu vilikuwa vimekwenda kila kimoja njia yake, vimevimba kama mihogo. Mzee Kunda alipoona mwanangu amesimama, akaachia kamba, akageuka, akaenda kukaa katikati ya shamba lake.

Nilimwegemeza Gauthier begani. Alikuwa anakohoa vitu vyeusi. Tulitembea hivyo hadi mwanzo wa barabara yetu, karibu na kisima cha parokia, na mimi nalia na kucheka kwa pamoja. Mwanangu yuko hai. Nono yuko salama. Nilifuta uso wake na kikwembe.

"Mama," akasema. "Ulibaambia nini mpaka baniachie?"

"Usiongee. Tunaenda kwa infirmier, akufunge mukono."

"Ulibaambia nini?"

Nami nikamwambia. Nilimwambia kwa furaha kabisa, kama mtu anayesimulia jinsi alivyomponyoka mbwa.

"Nilibaambia majibwe inatoka kwa Wivine. Bachimbe kule mpaka bachoke. Wivine iko Sakania, nyumba haina muntu."

Alisimama.

Alinitazama kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa vibaya.

"Mama. Wivine aliniachia funguo. Alitaka nimutengenezee umeme mpaka arudie."

"Basi? Utamutengenezea."

"Mama, nilifungia Donat mule."

Sikuelewa. Naapa, dakika ile nzima sikuelewa.

"Tangu Jumanne mangaribi," akasema. Machozi yalikuwa yanatoboa njia kwenye vumbi la mashavu yake. "Niliweka kufuli inje, juu muntu aone nyumba haina muntu. Hawezi kutoka, mama. Funguo ni hii."

Aliitoa mfukoni kwa mkono wa kushoto. Vidole vitatu, mama yake amepigwa kofi mbele ya macho ya watu, moto unadondoka kichwani mwake, na hakusema. Mimi nilisema, bila kuulizwa mara mbili, na mlango wa bluu nikawatajia.

Akaanza kukimbia.

Nilimwahi kwa shati. Likachanika, nikamkamata kiunoni kwa mikono yote miwili.

"Uniache, mama!"

"Batakuua!"

"Uniache! Donat ananingojea!"

Nilimwangusha. Naandika hili ili kila mama alijue: nilimlalia mwanangu barabarani mchana, mbele ya watu, kama mtu anayemchinja mbuzi. Alinipiga usoni kwa ule mkono uliovunjika, akalia yeye mwenyewe kwa uchungu, akanipiga tena. Ufunguo ulikuwa kwenye ngumi yake ya kushoto. Nikamuuma kifundo cha mkono mpaka akaifungua ngumi, nikautupa ufunguo kisimani.

Kutoka parcelle ya tatu, walikochelewa wakigombania nani aanze, tulisikia pioche ya kwanza ikiingia mlangoni. Ya pili. Mbao zikapasuka. Kelele za watu zikazimika ghafla, kimya kikaja mpaka barabarani tulipolala, na ndani ya kimya kile nikaisikia sauti ya Chance, ya heshima, kama ile aliyonisalimia nayo:

"Kumbe! Munyozi yetu njo iko hapa?"